Kistari Baada ya Ishirini na Saba

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na tisa, saa tano na dakika kumi na mbili usiku. Saa hiyo inajulikana kwa hakika, kwa sababu ndiyo saa ambayo mshonaji mmoja wa nguo, mama wa watoto watatu, mgeni wa siku mbili katika nchi ile, alimwandikia mumewe ujumbe kutoka mtaa wa starehe: "Nimepata ya mita. Usijali." Mumewe, fundi mwashi, alikuwa ng'ambo ya mpaka, kitandani. Akausoma, akazima taa, akalala. Alfajiri ya Jumapili wapasua kokoto walimkuta mshonaji ukingoni mwa barabara ya machimbo, viatu miguuni, mkoba begani, kisogo kimepasuka. Alikuwa amekwisha kuwa wa baridi.

Mkobani hakikupotea kitu. Kulikuwa na pesa zake, simu yake, kitambulisho chake, na kadi moja ya njano ya kituo cha teksi. Kadi ilisema: Gari nambari 27.

Kufikia Alhamisi asubuhi kesi ilikuwa imekwisha, kwa maoni ya wenye vyeo. Dereva wa 27 alikuwa ndani tangu Jumapili mchana.

"Sajenti," Mkuu wa kituo alisema bila kuinua macho, "jalada lifike mezani kwangu kabla ya saa nane. Saa nane mtu huyu anasomewa mauaji, na mimi nina kikao."

"Daktari anasema pale barabarani hapakuwa na damu ya kutosha, Afande."

"Daktari afanye udaktari. Kadi unayo, dereva unaye. Unataka nini tena, harusi?"

Sajenti alipiga saluti akatoka. Alikuwa mwanamke wa miaka kumi na tisa kazini, na cheo kilekile alichopewa mwaka wa sita, kwa sababu ya tabia yake ya kuuliza swali la pili pale ambapo wakubwa walitosheka na la kwanza.

Mahabusu walikuwa wanafagia. Dereva wa 27 alikuwa mzee wa miaka sitini na moja, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Mtaa mzima wa starehe ulimwita Baba Mita.

"Nieleze tena."

"Nimeeleza mara sita, Afande."

"Hii ya saba."

"Nilibeba mtu na tarumbeta. Nikampeleka mtaa wa reli. Mita niliiwasha, nikaizima, nikarudi."

"Mwanamke?"

"Yule mama nimemwona kwenye picha mliyonionyesha. Kwingine sijamwona."

"Kadi yako ilikutwa mkobani mwake."

"Kadi siandiki mimi."

  Sajenti alipokuwa anageuka kuondoka, ndipo mzee alipotoa sauti ndogo: "Afande, wakinisomea mauaji hakuna dhamana. Watu wanakaa humu miaka minne kabla shahidi wa kwanza hajaitwa. Kwa umri huu, sitoki."

Kwenye benchi la korido alikaa mwashi, mume wa marehemu. Alikuwa amekaa pale tangu Jumatatu, na suruali yake ya kazi ilikuwa bado na chokaa magotini.

"Amekiri?"

"Hajakiri."

"Hakiri kwa sababu hamjamuuliza vizuri. Niachieni mimi dakika tano na mwiko wangu wa kazi."

"Kaa chini, shemeji. Wewe ndiye ulimwambia mkeo apande teksi ya mita?"

"Mimi. Mara tatu kwa simu. Alikuja kumwona mdogo wake, anaimba kwenye ukumbi mmoja hapo. Nikamwambia, mama watoto, ukitoka huko usipande gari la mtu yeyote anayekuita. Nenda kituoni kwenyewe, chukua kadi, hakikisha mita imeanzia sifuri. Maana watu waliopita huku wanasema wageni wanachunwa." Akatazama viganja vyake. "Nilikuwa naogopa wasije wakamchuna, Afande. Hicho ndicho nilichokuwa naogopa mimi. Kuchunwa!"

 Sajenti aliitoa kadi kwenye bahasha akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa ameitazama mara nyingi, lakini alikuwa ameisoma tu. Sasa aliitazama. Nambari 27 na sahihi vilikuwa vya wino wa bluu. Saa, tano na dakika kumi, ilikuwa ya wino mweusi.

"Simama, twende kituo cha teksi," alimwambia mwashi. "Wewe ni mtu wa nje na hairuhusiwi, kwa hiyo usiniulize kama inaruhusiwa."

* * *

Asubuhi mtaa wa starehe ulikuwa kama mtu aliyelala na viatu. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, maji ya sabuni yanatiririka mlangoni mwa kila ukumbi, taa moja nyekundu imesahauliwa inawaka mchana kweupe. Kwenye kituo cha teksi serikali ilikuwa imesimamisha bango kubwa kuliko kibanda chenyewe: MGENI, DAI KADI! MGENI, DAI MITA! Chini yake palikuwa na picha ya mkubwa fulani anatabasamu, na chini ya mkubwa palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli: MALALAMIKO NA PONGEZI.

Karani wa foleni alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba. Wiki hii zamu yake ilikuwa ya mchana. Wiki iliyopita ilikuwa ya usiku. Kazi yake ni moja: abiria anakuja dirishani, anapewa kadi yenye nambari ya gari, anakwenda kupanda gari la mbele. Akidhulumiwa, kadi ndiyo ushahidi wake.

"Dada, watu wako walishakuja," Karani alisema kabla ya salamu. "Waliniuliza, hii kadi ni yako? Nikasema ni yangu. Wakaondoka."

"Hawakuuliza kingine?"

"Waliuliza choo kiko wapi."

"Naomba uniandikie kadi moja nione."

Karani alivuta droo. Sajenti akaona bunda la kadi za njano limefungwa mpira. Zote zilikuwa na nambari. Zote zilikuwa na sahihi. Kwa wino wa bluu.

"Hizi umeziandika saa ngapi?"

"Asubuhi, magari yalipojipanga."

"Kabla abiria hawajaja?"

"Sasa wewe dada, usiku abiria wanatoka kumbini mia kwa mkupuo, wamelewa, wanaimba, mmoja anataka kunibusu kupitia kidirisha. Nikikaa niandike moja moja, foleni itafika uwanja wa ndege! Naandika kila duru inapoanza. Duru ya saa kumi na mbili, duru ya saa nne. Napita na daftari, naorodhesha magari yalivyojipanga, narudi naandika kadi kwa mpangilio huohuo. Abiria akija, najaza saa tu, natoa ya juu. Miaka mitano, haijawahi kukosea."

"Umejuaje haijawahi?"

"Ingekosea wangelalamika." Alionyesha sanduku kwa kidevu.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ofisi ya usafirishaji."

"Huwa wanakuja kufungua?"

Karani alicheka mpaka miwani ikaning'inia. "Walikuja kulizindua. Kulikuwa na bendi."

Mwashi alikuwa amelisogelea sanduku. Aliligusa kufuli, akalizungusha mara moja, likamkalia mkononi pamoja na pete zake. "Nimelishika tu," alisema. "Simenti mbovu naijua, na chuma kibovu nakijua. Hii ni kazi ya zabuni."

Kadi zilimwagika. Mamia. Za chini zilikuwa zimeliwa na mende, za juu bado ngumu. Watu walikuwa wameandika mgongoni mwa kadi zao kwa penseli, kwa kalamu, kwa rangi ya midomo; mtu wa nchi za mbali alikuwa amechora uso umenuna. Miaka mitano wageni walidai haki yao kwenye tundu lile, na hakuna mkubwa aliyenyoosha mkono kuchukua.

Sajenti alipiga magoti akatenga za Jumamosi. Zilikuwa nne tu. Mbili zilikuwa matusi ya kawaida. Ya tatu ilikuwa ya gari nambari 8, na mgongoni palikuwa na mwandiko wa haraka: *Asante mama dereva. Umeniendesha kama mwanao.*

Aliisoma kwa sauti. Karani akaangua kicheko tena. "Mama dereva! Nambari nane ana ndevu mpaka hapa!"

"Dereva wa kike ni nani hapa?"

"Ni mimi," sauti ilisema nyuma yao. Mwanamke wa makamo alikuwa ameegemea teksi yake, anakula karanga. Ubavuni mwa gari palisomeka 33. "Nilimpeleka msichana mmoja analia, ameachwa na mtu wake humo ndani. Alisema atanisifia kwenye sanduku. Kumbe kweli."

"Alikuwa na kadi ya nane."

"Sijaangalia kadi yake. Nani anaangalia kadi? Anaingia, nawasha mita, twende."

Sajenti alishika kadi ya nne. Gari nambari 19. *Dereva mzee mpole. Tarumbeta yangu aliifunga mkanda wa kiti. Mita sawasawa. Mungu amzidishie.*

Alisimama polepole.

"Dereva wa kumi na tisa ni mzee?"

"Kumi na tisa?" Mama Dereva alitema ganda. "Kijana huyo, ana hereni. Mzee wa kufunga tarumbeta mkanda mji huu ni mmoja tu. Baba Mita. Yule hata akienda chooni anawasha mita."

 Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua.

"Naomba daftari la Jumamosi," Sajenti alisema. "Duru ya saa nne. Nisomee kutoka mbele."

"Kumi na mbili," Karani alisoma. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nane. Thelathini na tatu. Kumi na tisa. Ishirini na saba."

Sajenti alichukua kadi tano tupu, akaandika nambari hizo, akazipanga mezani kwa safu. Chini yake akapanga maganda ya karanga matano, kila ganda gari lake.

"Kumi na mbili alikuwepo mpaka mwisho?"

"Kwenye daftari yupo."

"Kwenye daftari, ndiyo. Nauliza barabarani."

Mama Dereva aliacha kutafuna. "Hakuwepo. Redieta ilichemka saa nne na nusu. Mimi ndiye nilimsukuma kwenye kona."

"Na mimi hamkuniambia!" Karani alipiga meza.

"Tukuambie ili iweje? Anayetoka kwenye foleni anafungiwa wiki. Si sheria yenu? Mtu ana watoto."

Sajenti aliondoa ganda la kwanza. Akasogeza kadi ya 12 mpaka juu ya ganda la pili. Kadi ya 8 juu ya la tatu: mama dereva. Kadi ya 33 juu ya la nne. Kadi ya 19 ikaangukia ganda la tano: Baba Mita na tarumbeta. Mkononi mwake ikabaki kadi ya 27, na maganda yalikuwa yamekwisha.

Mwashi alikuwa ameinama anatazama. Alizoea kusoma mistari ya matofali kuliko ya maandishi, na hili alilielewa kabla halijasemwa. 

"Hakumbeba," alisema. "Yule mzee hakumbeba mke wangu."

"Hakumbeba."

"Siku nne namwombea mabaya. Siku nne! Juzi alipitishwa koridoni nikamtemea mate, Afande. Akajifuta, akaniambia pole."

Alikaa chini palepale kwenye lami, katikati ya zile kadi.

"Gari la sita," Sajenti alimwambia Karani. "Baada ya ishirini na saba."

Karani hakusoma. Sajenti alilivuta daftari mwenyewe. Baada ya 27 hapakuwa na nambari. Palikuwa na kistari kifupi cha wino wa bluu, kisha orodha ikaendelea na 41.

"Hiki ni nini?"

"Kistari."

"Naona ni kistari, mama. Ni gari gani?"

"Gari lile haliandikwi. Nimeambiwa nisiandike. Zamu yake ikifika, naweka karatasi tupu kwenye bunda, na abiria namwambia kadi zimekwisha, panda tu. Usiku ule nilipoifikia hiyo karatasi, gari lile lilikuwa limekwisha kuondoka, nikaitupa; hapo ndipo bunda lilipojirekebisha, dada. Baada ya huyo mama, foleni ilikuwa sawa tena."

"Nani alikwambia usiandike?"

"Mji huu nani huwa anaambia watu wasiandike?" Macho yalikuwa yamemjaa. "Ni gari la Vipimo. La serikali. Linakuja kila Jumamosi usiku na rangi ya teksi, linabeba abiria. Mwisho wa wiki hesabu yake inakwenda kwa wakubwa wao. Na yule mama... nilimwona. Alikuwa amekandamiza mtandio kisogoni. Aliteleza ngazi za ukumbi, zilikuwa zimemwagiwa maji. Aliniuliza kama hospitali ni mbali. Nikamwambia, haifiki hata kilomita nne, mita haitakuumiza."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliulizwa kama kadi ni yangu!"

* * *

Walikwenda na gari la 33. Ua wa Ofisi ya Vipimo ulikuwa nyuma ya soko la vyuma, na ndani yake, chini ya turubai, lilisimama gari la njano lililong'aa. Fundi wa mita, babu mwenye koti la bluu lenye mifuko iliyojaa bisibisi, hakuomba barua yoyote. Alionekana kama mtu aliyengoja mtu aje aulize.

"Dereva wake hajafika kazini tangu Jumapili," alisema. "Ufunguo tulikuta umetupwa kwa juu ya geti. Nikaripoti. Nikaambiwa nifunike turubai."

Alilivuta turubai. Kiti cha nyuma kilikuwa sponji tupu. Kitambaa chake kilikuwa kimechanwa chote, na sponji ilinuka dawa ya kufulia. Mwashi alinyoosha mkono kuigusa, akaurudisha.

"Hili ndilo gari la kupimia wengine," babu aliendelea, anafungua bisibisi chini ya dashibodi. "Kila teksi ya mji huu inapita nyuma yake kilomita moja iliyopimwa kwa mnyororo. Mita ya teksi ikipishana na hii hata kwa mita tano, teksi ndiyo mwongo. Hakuna mita ya haki kuliko hii."

"Basi mke wangu alipata ya haki," mwashi alisema. Hakuna aliyemtazama.

"Inakumbuka safari?" Sajenti alimwuliza babu.

"Inakumbuka. Wakubwa hawajui kama inakumbuka, ndiyo maana hakuna aliyekuja kuifuta. Mafunzo walikwenda wao, kitabu nilisoma mimi."

Kimashine kilikohoa, kikatema ukanda wa karatasi. Jumamosi, saa tano na dakika kumi na moja: abiria ndani. Kilomita tatu na mita mia moja. Kusimama, dakika tisa. Kilomita moja na mita mia nne. Kusimama, dakika ishirini na mbili. Kilomita kumi na saba na mita mia sita. Mita imezimwa.

Sajenti aliisoma mara mbili. Alikuwa ametegemea safari moja kwenda porini. Hakutegemea kusimama.

"Kumi na saba na ushei ni machimbo," Mama Dereva alisema begani kwake. "Ya kwanza ni hospitali. Walevi wangapi nimewapeleka, tatu na mia moja kamili. Lakini huku katikati wapi?"

Sajenti aliangalia saa. Saa saba kasorobo. "Turudi kituo cha teksi. Weka gari mahali pa mbele kabisa, anzisha mita sifuri, utuendeshe kama abiria."

"Nani analipa?"

"Serikali."

"Basi nimekula hasara," alisema Mama Dereva, akawasha gari.

Mita ya 33 ilipanda tarakimu kwa tarakimu.  Ilipoandika tatu na mia moja, magurudumu yalikuwa mbele ya kizuizi cha geti la hospitali, na tangazo la herufi nyekundu lilikuwa usawa wa dirisha: MAJERUHI HAPOKELEWI BILA FOMU YA POLISI.

Mlinzi alileta daftari la geti. Mwashi ndiye aliyelipokea, na Sajenti akamwacha. Alisoma kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Jumamosi. Saa tano na kumi na tisa. Teksi, haina nambari. Mwanamke. Jeraha kisogoni." Kidole kilisimama. "Hapa pameandikwa nini?"

"Anaongea," Sajenti alisoma.

"Anaongea?"

"Ndiyo."

"Mke wangu alifika hospitali anaongea?"

Mlinzi alianza kujikanyaga. "Ni amri, mzee. Jeraha lolote, fomu kwanza. Niliwaambia waende polisi mara moja warudi nayo, na wodi iko wazi. Dereva alisema sawa. Hawakurudi. Nikajua wamekwenda hospitali ya kulipia."

"Nani aliandika hiyo amri?" mwashi aliuliza.

"Ilikuja imeshaandikwa."

Mwashi alilifunga daftari kwa mikono miwili, kwa adabu, akalirudisha. Sajenti akalichukua tena, akaliweka kwapani. Walipoingia garini Mama Dereva aliuliza, "Sasa wapi?"

"Nenda anakotumwa mtu asiye na fomu. Njia ya karibu."

Mama Dereva aligeuka akamtazama, kisha akageukia usukani. Wakapita mzunguko, wakapita benki, wakakata kushoto. Mia tisa. Moja kamili. Moja na mia mbili. Sajenti alikuwa analijua kila shimo la barabara ile. Aliipita kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Alishika mpini wa mlango kama anayetaka kushuka gari likiwa linakwenda. Mita iliandika moja na mia nne, na Mama Dereva akazima injini chini ya mlingoti wa bendera, mbele ya ngazi za kituo chake mwenyewe cha polisi.

* * *

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Gari la mahabusu lilikuwa limefunguliwa mlango wa nyuma, na Baba Mita alisimama kando yake, pingu mikononi, shati vifungo mpaka kooni. Mkuu wa kituo alikuwa ngazini, anafunga saa yake.

"Sajenti! Jalada liko wapi?"

"Silitii sahihi, Afande."

"Unasemaje?"

"Mpelelezi ni mimi. Bila sahihi yangu hakimu hasomi. Huyu hakumbeba marehemu. Nina kadi, nina daftari la foleni, nina maandishi ya mtu wa tarumbeta, na nina hii." Aliukunjua ukanda. "Alipanda gari la Vipimo. Alifika hospitali akiwa hai, akarudishwa kwa sababu hana fomu. Kutoka pale gari lilikwenda kilomita moja na mita mia nne likasimama dakika ishirini na mbili. Tumetoka huko sasa hivi. Ni hapa."

Mkuu aliutazama ukanda kama anayetazama nyoka ambaye bado hajaamua.

"Mita hukosea."

"Nyingine zote hupimwa kwa hii."

"Jumamosi usiku hakuna mgonjwa aliyeingia hapa. Kasome daftari la matukio. Liko safi."

"Nilishalisoma, Afande. Tangu saa nne mpaka saa saba hakuna hata mstari. Jumamosi! Mtaa wa starehe uko chini ya kituo hiki, na saa tatu nzima hakuna mlevi, hakuna ngumi, hakuna simu iliyoibwa. Liko safi mno."

Askari wa kaunta waliokuwa wamejikusanya mlangoni walianza kukumbuka kazi zao, mmoja mmoja. Mmoja alibaki amesimama, uso umemkauka, anatazama ncha za buti zake.

Sajenti alimgeukia askari wa gari. "Mfungue mzee."

Askari alimwangalia Mkuu. Mkuu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kikao chake kilikuwa kinamsubiri. Askari akatoa ufunguo. Pingu zilipofunguka Baba Mita alijisugua vifundo, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kioo cha 33, ambako tarakimu zilikuwa bado zinapanda.

"Hujazima ya kusubiri," alimwambia Mama Dereva kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, baba," alijibu huku machozi yanamtoka. "Leo iache."

Mwashi alikuwa ameshuka. Alipita kati yao wote, akapanda ngazi tatu, akasimama chini ya Mkuu kwa ngazi moja, na suruali yake ya chokaa. Wote walitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Aliongea kama mtu anayeulizia njia katika mji asioujua.

"Mkubwa, mimi sijasoma sana. Sijui fomu, sijui jalada. Hizo mtazimaliza wenyewe kwa wenyewe, mnazo namna zenu. Mimi nina neno moja tu, na watoto wataniuliza nikifika." Aligeuza macho kwa yule askari wa kaunta aliyekuwa bado anatazama buti zake, kisha akayarudisha. "Pale hospitali wameandika kwamba alikuwa anaongea. Halafu akakaa hapa kwenu dakika ishirini na mbili. Alikuwa anawaambia nini?"